Jino la Mbuzi Katika Taya la Pomboo

Selemani mpishi tumemzika Isevya, hapa Tabora, wiki iliyopita, nami nilikwenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tulijuana zaidi ya miaka hamsini. Ya pili ni kwamba nilitaka kuhakikisha. Naona haya kuandika hivyo, lakini nimejiapiza kutojipamba katika kurasa hizi: niliposikia udongo unarudishwa kaburini nilishusha pumzi, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho, ukiniondoa mimi, aliyejua ni nani aliyelitia lile jino. Hakunitangaza hata siku moja. Kila nilipomtembelea alinimiminia kahawa, akaniuliza hali ya magoti yangu, na wakati wa kuagana aliniangalia muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa. Nilimchukia kwa kuniangalia kule. Sasa hayupo tena wa kuniangalia, na nafuu niliyoitegemea haikuja. Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikakaa kitandani nikiwa na mzigo uleule. Kwa hiyo naandika habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliofanya kazi ya mifupa. Mambo ya kwetu, baba na mama na kijiji, hayahusiki.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka shule ya masista nikijua Kiingereza cha kutosha, kuchora maua, na kuandika mwandiko ambao watu waliuita wa mashine. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma. Alikuwapo Tabora Mzungu mmoja, mtaalamu wa miamba, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Chumvi kwa sababu hakuokota jiwe bila kulilamba. Alikuwa na wazo moja tu maishani, na wazo hilo lilikwishamharibia jina kwa wenzake: kwamba zamani za kale, kabla mtu hajakuwapo, mto mkubwa ulitoka nchi hii yetu ukaenda mpaka baharini, na viumbe wa bahari wakaupanda. Ushahidi wake ulikuwa chumvi ya Uvinza, ileile iliyobebwa na misafara, na konokono wa Ziwa Tanganyika ambao maganda yao yanafanana na ya pwani. Basi siku moja vibarua waliokuwa wakipanua njia ya zamani ya misafara ili malori yapite walikuta mwamba wenye mfupa ndani yake. Bwana Chumvi akasema ni mfupa wa pomboo, akauleta Tabora kwa treni, vipande vinne vilivyofungwa kwa magunia na plasta, akaviweka stoo nyuma ya nyumba yake, na akaniajiri mimi kuchora na kuandika lebo. Stoo ile naiona mpaka leo: chumba kirefu, dirisha moja la mashariki, meza ya mninga katikati, masanduku ya mchanga ya kulazia mifupa, na harufu ya plasta iliyochanganyika na vitunguu vya Selemani, maana jiko lilikuwa ukuta wa pili.

Kazi yenyewe ya mifupa ilikuwa ya Mzee Kondo. Alikuwa Mzaramo wa pwani, umri wake kama sitini, mwembamba, kofia ya kiua haikosi kichwani. Ujanani aliwafanyia kazi Wajerumani kule kusini walikochimba mifupa ya wale mijusi wakubwa wa kale, na hapo ndipo alipojifunza kuutoa mfupa ndani ya jiwe kwa sindano ya magunia, patasi nyembamba na brashi, na kuuponya kwa gundi ya mgunga. Alipotaka kujua kama hiki ni mfupa au ni jiwe tu, alikigusa kwa ncha ya ulimi. Mfupa uliogeuka jiwe hung'ang'ania ulimi. Jiwe tupu haling'ang'anii. Siku moja aliniambia kwamba Wajerumani walipopeleka masanduku yao Ulaya, kila sanduku lilikuwa na jina la Mjerumani, na watu mia kadhaa waliochimba hawakuandikwa popote. Alipokubali kazi ya Bwana Chumvi aliomba jambo moja: kwamba mnyama huyu akishatoka, karatasi itakayokwenda naye iseme amesafishwa na Kondo. Bwana akakubali. Nadhani hakuna kingine ambacho mzee yule alikitaka kwa Mzungu yeyote.

Mimi Mnyamwezi na yeye Mzaramo tulikuwa watani, tangu enzi za babu zetu waliobeba pembe na chumvi hadi pwani na kulala katika vijiji vyao. Kwa wasomaji vijana ambao siku hizi wanadhani utani ni kuchekeshana tu, inabidi nieleze. Mtani akikutukana, unamrudishia. Akikunyang'anya kuku, siku nyingine unamnyang'anya mbuzi. Kukasirika ni mwiko. Na mtani akikutegea mzaha, mwenye mzaha ndiye wa kuufichua, kwa wakati wake. Akishaufichua mnacheka, mnatozana faini, mambo yamekwisha. Asubuhi nilipoingia stoo nilimwambia, "Hujafa tu, Mzaramo?" Naye bila kuinua kichwa, "Nakusubiri wewe. Nani atanibebea jeneza kama si wapagazi?" Hivyo ndivyo tulivyoamkiana mwaka mzima, na Selemani, ambaye alikuwa Mmanyema wa mtaa wa Ng'ambo na hakuwa na upande, alicheka pande zote mbili.

Asubuhi Bwana Chumvi alikuwa mtu wa kuvumilika. Akishakunywa chai alikuja stoo akatusomesha. "Pomboo si samaki," alisema. "Babu wa babu zake alikuwa na miguu minne na alitembea nchi kavu. Aliingia majini kidogo kidogo, vizazi kwa vizazi. Miguu ya mbele ikawa mapezi. Ya nyuma ikapotea. Pua ikarudi nyuma, ikapanda mpaka utosini." Selemani alisimama mlangoni na sinia lake. "Astaghfirullah! Na masikio, Bwana?" Bwana akasema masikio yaliingia ndani, mfupa wa sikio ukawa mzito na mgumu kuliko mfupa mwingine wowote mwilini, kwa sababu pomboo na jamaa zake wenye meno husikia kwa njia yao wenyewe majini. Mzee Kondo alitikisa kichwa taratibu. "Hadanganyi. Kwetu nilimkuta mmoja amekwama mchangani. Anapumua kama mtu, na ana mtoto ananyonya." Mimi nikasema kumbe Wazaramo nao ni hivyohivyo, walikuwa watu wakajitia majini. "Na ninyi mkabaki na miguu," akajibu, "ndiyo maana mkawa punda." Hata Bwana alicheka siku ile. Kisha akatuonyesha taya lililokuwa linatoka katika jiwe, jembamba na refu, matundu ya meno yote matupu. Pomboo wa leo, alisema, meno yake yote yanafanana, kama misumari, ya kukamatia samaki tu. Lakini wale wa kale kabisa walikuwa bado na meno ya mnyama wa nchi kavu, ya mbele ya kukatia na ya nyuma ya kutafunia, yenye mizizi miwili. "Nikipata humu jino moja la nyuma lenye mizizi miwili," alisema, "watanyamaza wote." Nililisikia hilo vizuri sana, na nililiweka.

Wakati huo palikuwa na mwalimu mmoja wa Ipuli aliyekuwa akinitazama kanisani, na shangazi yake alikuwa amekwisha anza kuulizauliza habari zangu. Jumamosi moja nilikuwa sokoni Ng'ambo, nachagua uyoga, na shangazi huyo yuko hatua tatu kutoka kwangu, nami nimejikaza nionekane msichana wa heshima. Mara Mzee Kondo akanishika kapu. "Haya watu wote, njooni mwone! Mke wangu huyu! Ametoroka na sufuria zangu mbili, na mtoto kaniachia mgongoni!" Akainama akajishika mgongo kama amebeba mtoto, akawa analia kwa sauti ya kichanga. Soko zima liliangua kicheko. Nilijua ninachotakiwa kufanya; nikamrudishia matusi yangu mawili matatu, nikacheka. Shangazi naye alicheka, alikuwa Mnyamwezi kama mimi, mambo hayo anayajua. Lakini posa haikuja. Inawezekana isingekuja hata hivyo. Yule mwalimu alioa binti mwenye ng'ombe. Mimi nilikwenda nyumbani nikalia kwa hasira, hasira ya kweli, ile ambayo mtani haruhusiwi kuwa nayo, na nikasema moyoni mwangu kwamba nitamlipa, na kwamba itaitwa utani. Kosa langu lilianzia hapo.

Wiki ile Selemani alichemsha kichwa cha mbuzi. Tulikula supu jikoni sisi watatu, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, Mzee Kondo akinyonya mifupa kwa utulivu wake wote. Nilichukua taya la chini, nikang'oa jino la nyuma, nikaliosha. Selemani aliniona. "La nini hilo?" Nikamwambia ni la kumchezea Mzaramo, akacheka, akanipa birika la majani ya chai yaliyobaki. Nililichovya humo jino mpaka likawa na rangi ya udongo, nikalisugua kwa vumbi la jiwe, na mchana, Mzee Kondo alipokwenda kuswali, nikalibandika kwa gundi yake mwenyewe katika tundu moja la taya, nikajaza ufa kwa unga wa jiwe. Nilikuwa na mikono mizuri; masista walinisifu kwa hilo. Alirudi, akakaa, akachukua brashi. Nikaona mkono wake umesimama. Aliliangalia jino, akagusa kwa ulimi, akanitupia jicho, na pembe ya mdomo wake ikacheza. Alilijua mara moja. Akaendelea kupiga brashi sehemu nyingine, anangoja mwenye mzaha aufichue. Mimi nami nikangoja, nataka yeye ndiye ashindwe kwanza. Tulikuwa tumekaa hivyo, kila mtu amebana kicheko chake, Bwana Chumvi alipoingia.

Sijapata kumwona mtu mzima akifurahi namna ile. Alipiga magoti kwenye saruji. Alilitazama jino kwa kioo chake cha kukuzia, kisha akamshika Mzee Kondo mabega yote mawili. "Kondo! Wewe umelipata!" Mzee Kondo akageuka akanitazama, si kwa kunituhumu, kwa kunipisha tu, kama mtu anayesogea kando ili mwenzake apite mlangoni. Ilikuwa zamu yangu. Maneno manne yangetosha: Bwana, ni mzaha, nisamehe. Ningefokewa, pengine ningefukuzwa kazi. Niliinamisha kichwa nikaendelea kuandika lebo. Nilikuwa naogopa, ndiyo, na wengi wangeishia hapo wakaiita hofu. Lakini nilikuwa pia nasikia utamu. Nilimwona mzee aliyenidhalilisha sokoni amebanwa, hana pa kutokea, na ufunguo ninao mimi.

Barua ilikwenda Ulaya, na jibu likaja kwamba mtaalamu mmoja mkubwa, aliyekuwa safarini Afrika Mashariki, atapita Tabora kuliona jino. Wiki sita zilipita. Mzee Kondo aliendelea kusafisha, na katika kipande cha tatu akatoa mfupa wa sikio, mdogo wa kujaa kiganjani, mzito kama risasi, umejikunja. Huo ulikuwa wa kweli kabisa. Aliulaza juu ya kitambaa, nami nikauchora. Mara mbili aliniuliza, akiwa ameinamia kazi yake, "Mnyamwezi, huna la kuniambia?" Mara zote mbili nikajibu, "La nini?" Akasema, "Haya." Siku moja nilikuwa nimekwenda jikoni kuchota maji, nikawasikia kupitia dirishani. Selemani alikuwa anamsihi. "Mwambie Bwana, mzee. Mgeni akija utaumbuka wewe." "Mzaha si wangu," Mzee Kondo akajibu. "Mwenyewe atausema." "Na asiposema?" Nilisikia kisu cha Selemani kikikata vitunguu. "Yule ni mtani wangu," akasema mwishowe. "Nikamshitaki mtani kwa Mzungu? Atausema." Niliweka ndoo chini polepole isilie, nikaondoka.

Mgeni alifika kwa treni ya asubuhi, mtu mnene, mchangamfu, kila kitu kwake kilikuwa kizuri. Walikula chakula cha mchana barazani, kuku wa kuokwa na viazi, na sanduku lenye taya likawekwa katikati ya meza kama chakula kingine. Mimi na Mzee Kondo tulisimama mlangoni kwa amri ya Bwana, yeye amevaa kanzu safi kwa ajili ya siku hiyo. Mgeni aliliangalia jino kwa muda mfupi sana. Akatoa kisu kidogo mfukoni, akalichokonoa, likatoka lote kwa mara moja. Akalinusa. "Rafiki yangu," alimwambia Bwana kwa Kiingereza, "hili lina harufu ya chai." Akaligeuza huku na huku, akamwuliza Selemani mbuzi waliliwa lini mara ya mwisho katika nyumba hii. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha meza, na alikuwa bado anacheka Bwana Chumvi alipokuwa amekwisha kuwa mweupe kama plasta. Mzee Kondo hakujua Kiingereza, lakini alielewa. Alikwenda stoo upesi, akarudi na mfupa wa sikio juu ya kitambaa chake, akaunyosha mbele kwa mikono miwili. "Mabwana, tazameni na huu. Huu ni wake hasa." Mgeni hakunyosha mkono. "Toka," akasema Bwana Chumvi. Nimesoma mengi tangu siku ile, na sasa najua kwamba mfupa ule peke yake ulitosha; hakuna mnyama wa nchi kavu wala samaki mwenye mfupa kama ule. Najua pia kwamba miaka mingi baadaye, kaskazini mwetu, mfupa wa nyangumi ulikutwa ndani kabisa mbali na bahari, na wataalamu wakasema alipanda mto. Siku ile hakuna aliyeutazama.

Mgeni alipoondoka, Bwana aliuliza mara moja tu. "Nani alilitia?" Tulikuwa uani, Selemani mlangoni pa jiko, mimi na daftari langu la michoro. Mzee Kondo alinipa nafasi ya mwisho. Alisubiri kiasi cha mtu kuvuta pumzi tatu, hanitazami, anatazama chini, ili nisione haya. Nikaliangalia daftari langu. "Kazi ya meza ile ni yangu, Bwana," akasema. Bwana Chumvi akamwamuru alete nyundo, abebe vipande vyote vinne uani, avivunje. Alivivunja mwenyewe, mzee yule, taya alilolitoa kwa sindano miezi minane, mbavu, kichwa chenye tundu la pua utosini, na mwisho mfupa wa sikio, ambao ulikuwa mgumu hata nyundo ikaruka mara mbili kabla haujapasuka. Bwana alisimama juu yake akihesabu mapigo kwa sauti. Vifusi vilikwenda kujaza shimo la barabarani. Jioni Bwana aliandika barua ya kumwachisha kazi, akanipa mimi niinakili kwa mwandiko wangu mzuri. Ilisema kwamba Kondo, Mzaramo, ni mghushi, na asiaminiwe na mwajiri yeyote katika nchi hii. Niliandika jina lake kwa herufi kubwa, wino haukuchuruzika hata tone, nikapuliza likauke.

Treni ya Dar es Salaam iliondoka kesho yake adhuhuri. Nilikwenda stesheni na kuku wa kuchemsha kwenye kapu, faini ya utani, nimekwisha amua kumwambia kila kitu, ingawa nilijua kwamba anajua. Nilimkuta amesimama na furushi lake katikati ya abiria, Wanyamwezi na Wasukuma na watu wa pwani. Maneno niliyoyapanga hayakuja; yakaja yale tuliyoyazoea. "Mzaramo we!" nikapaza sauti. "Nenda, na ufie njiani, fisi wa Ugogo wakutafute nyama waikose!" Watu waliokuwa karibu wakageuka wakitabasamu, wanasubiri jibu. Nilikuwa namwomba, kwa njia pekee niliyoijua, anitukane. Mzee Kondo alivua kofia yake. "Asante, binti," akasema kwa upole. "Nanyi mbaki salama." Tabasamu zikafifia. Mama mmoja akaniangalia toka juu hadi chini. "We mtoto, unamtukana mtu mzima hivyo? Ni mtani wako?" Akamwuliza na Mzee Kondo, "Baba, huyu ni mtani wako?" Mzee akanitazama usoni, vizuri, kama anayejaribu kukumbuka.

"Hapana," akasema. "Simjui. Msameheni, ni mtoto wa watu."

Wote walikuwa wananiangalia. Kapu lilikuwa zito mkononi. Nikapiga goti kama nilivyofundishwa kumpigia mtu mzima nisiyemjua, nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, na akapanda treni.